Kuatamia

Wifi Mwanamize amekaanga mayai,
kitunguu, pilipili boga,
akaniwekea sahani mezani, akageuka.
Ndipo alipokumbuka.
Akaifunika kwa kawa, bila neno,
akanimiminia chai.

Jana nimetolewa kumi na moja.
Mama mkwe, kwa simu, kutoka Wete:
"Kumi na moja! Nami niliyezaa tisa
sikuwahi kuhesabu chochote."
Mawili mabichi, moja limepasuka.
Manane yako Mazizini, kwa Kazija,
ndani ya kisahani kisichojaa kiganja.

Kazija alinieleza kabla sijapigwa dawa ya usingizi:
huchagua mbegu moja, iendayo sawa,
huibana mkia, itulie;
kisha sindano, nyembamba kuliko unywele
na tundu inalo,
hulisukuma yai polepole,
nalo hubonyea kwanza, kama mto wa sufi,
halafu hukubali.
"Hukubali?" nikamuuliza.
"Ndiyo, dada. Mengine hayakubali."

Sisi tulifundwa: taa izimwe, mlango ufungwe.
Haya yamefanywa alasiri, kwenye mwanga wa darubini,
na mtu aliyevaa kofia ya nailoni.
Sikuwepo. Shaame naye yuko njiani kwenda bandarini,
zamu ya kazi haingoji.
Bismillahi nilimwomba Kazija atusomee.
Akasema husoma kila siku,
hata asipoombwa.

Saa nane usiku umeme ukakatika, Michenzani nzima.
Nikaketi kitandani
kama kuku aliyefukuzwa kiotani,
ghorofa ya nne,
na joto lote hili la mwili halina kazi.
Nikapiga simu. Akapokea mlinzi.
"Jenereta linanguruma, mama, hebu sikiliza,"
akalisogezea simu.
Nikalisikiliza mpaka salio likaisha.

Sasa saa tatu na robo.
"Matano yameshika," asema Kazija.
"Ndani ya kila moja mna vitone viwili,
ubavu kwa ubavu, havijaungana bado.
Kimoja chako, kimoja cha mumeo."

Nampigia Shaame. Kimya.
Nyuma yake mtu anataja bei ya ndimu.
Halafu anauliza, kwa sauti ya chini,
kama anayechelea kuamsha mtu:
"Kwani sasa hivi wamekaaje? Wamelala?"

Nimefunua kawa.
Mayai ya wifi yamepoa.
Nimeyala yote,
kwa mkate wa ufuta.