Cheti cha Siku Tisini

Saa saba usiku, ghorofa ya nne, Ngara.
Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mifagio
na bado kinanuka Jik.

Miaka sita barua za chama chetu cha akiba
zimetoka humu uchi, kama mtoto aliyeponyoka beseni,
zikakatiza mji mbele ya kila mwenye macho.
Wanachama hawakujua. Mimi nilijua,
nikawa nasema, wiki ijayo.

Leo ndiyo wiki ijayo.
Cheti kimefika, cha bure, cha siku tisini,
saini yake ndefu kuliko kamati ya harusi.
Ufunguo wa siri nimeuweka pasipofika hata meneja.
Kisha nikatega sikio kwenye waya, kupima tu,
nione hali ilivyo kabla ya kufuli.

Ikapita barua ya Okwemba, bawabu wetu,
kutoka simu yake, pale chini getini.
Nywila ilitangulia, wazi kama nguo kwenye kamba:
nafula1962.
"Kwa kamati ya mikopo. Mke amejifungua salama,
ila bili ni elfu kumi na nane, nami nina sita.
Mtoto ni msichana. Tumempa jina la mama."

Mkono ukakataa kibodi.

Halafu nikaandika mistari minne, nikaiamsha huduma upya.
Simu yake ikabisha hodi mlango wa 993;
seva ikaonyesha cheti, wakanong'onezana,
na kuanzia hapo nikaona makapi ya herufi tu:
qZ8x/w0, na mengine ya namna hiyo.

Asubuhi saa mbili kamati ikamjibu.
Najua, maana makapi yalipita, mafupi.
Mafupi kama ndiyo. Mafupi kama hapana.
Ningeweza kulichakura sanduku lake kwenye diski,
fundi hakosi upenyo.
Nikazima skrini.

Getini akanisukumia daftari, niandike saa ya kutoka.
"Umekesha, Kerubo. Kulikuwa na nini?"
"Mlango ulikuwa haufungi."
Akacheka kidogo. Uso wake sikuusoma.
Nilikaribia kumuuliza habari za Nafula,
nikameza, nikaweka sahihi.

Baada ya siku tisini cheti kitaisha, nitarudi kukihuisha.
Wakati huo mtoto atakuwa ameanza kucheka na watu.