Kifaa Namba 41

Tumetoka Sur alfajiri, tukifuata njia ya misafara
ambayo sasa ni lami, na ngamia wamebaki kwenye vibao vya tahadhari.
Suhail, dereva, anataka chai. Mimi nataka kivuli.
Mudhairib: mnara juu ya jabali, mfereji wa falaji mwembamba kama utepe,
na nyumba ya udongo yenye kibao kilichochubuka: Makumbusho.

Ndani, baridi ya mashine. Majambia ukutani. Kasha la njumu.
Daftari la mfanyabiashara; wadaiwa wote wamekwisha kufa,
madeni yao yamo bado, kwa wino wa kahawia, hayajafutwa.
Napita, napita.
Kisha nasimama.

Nyuma ya kamba, juu ya kitambaa chekundu.
Kwa Kiarabu changu cha chuoni nasoma polepole:
Namba 41. Kiti cha kukunja, cha mtoto wa msafiri.
Chuma cha mbele: matumizi hayajulikani.

Hayajulikani!
Nikacheka kicheko cha jikoni.
"Jamani, hiki si kiti," nikasema, ulimi umeshateleza.

Mlinzi akainua uso kutoka kwenye simu.
Thuwaiba, jina limebandikwa kifuani, rika la kitindamimba wangu.
"Bibi yangu," akasema, akilijaribu kila neno kama ngazi mbovu,
"Kiswahili chake kilikuwa cha kugombeza tu.
Na cha kuhesabu pesa."

Akashusha kamba.

Nikakaa upande, kama nilivyofundishwa Tanga,
nikabana gauni; magoti yakakumbuka kabla yangu.
Ulimi wa chuma umeshika kutu, meno yamebaki kumi na moja.
Mkononi sina kitu. Nikazungusha hivyo hivyo,
nikakuna hewa ya Mudhairib,
taratibu, nisifike kwenye weusi wa kifuu,
maana weusi huharibu tui.

"Inaitwaje?"
"Mbuzi."
Akaandika kwa penseli, akasita.
"Wageni wataniuliza pembe ziko wapi."
"Waambie huyu meno yake yako kwenye ulimi,
na hajawahi kula jani."

Nani alimbeba, kutoka jiko gani,
akaacha nini ili mbuzi apate nafasi kwenye shehena?
Huku hakuna mnazi. Mitende tu, hadi macho yachoke.
Labda kuna mtoto alimkalia kweli, akila tende,
akauliza hiki chuma cha nini,
na mama akasema: kaa vizuri, kitakukata.

Nje, Suhail amemaliza chai. "Umeona nini?"
Nikapangusa gauni. Kutu haikutoka.