Yatosha

Jina alilipata siku ile ile aliyoletwa,
mwaka ambao korosho zililipwa kwa mafungu.
Bonifasi alimtoa kwenye kiroba:
masikio mawili na tumbo la minyoo.
Nikasema, "Baba Skola, nyumba hii midomo yatosha."
Akacheka. "Basi ndilo jina lake."

Tangu hapo sijaweza kumkataza mbwa huyu kitu.
Nipige kelele, "Yatosha! Yatosha!"
huku andazi la tatu linamshuka kooni,
anatikisa mkia, anasogea.
Anadhani ameitwa mezani.

Amekula tambi za Pasaka.
Amekula mayai ya kuatamia,
kuku akabaki kalalia joto lake mwenyewe.
Ming'oko ya moto aliitema, akaketi,
akangoja ipoe, akarudi.
Amekula nusu mche wa sabuni:
povu likamtoka, wakaja watu na marungu,
kichaa, kichaa,
mpaka Skola akainama akamnusa.
"Mama, ananukia kufua."

Kwa hiyo kitoweo kikipungua hapa kwetu Lulindi
hatuna haja ya upelelezi.
Mshitakiwa amelala kizingitini.

Kisha shemeji akaja kutoka Mtwara
na ng'onda katika gazeti, vipande kumi na viwili,
chumvi ya kukwaruza ulimi.
Nikaviunga kwa nazi, tukala vinne, nikafunika.
Asubuhi vilikuwa sita.
Nikachukua mwiko, nikamwendea.
Mwiko uko juu, yeye ananitazama,
ndipo nikaukumbuka mfuniko.

Mfuniko ulikuwa mahali pake.
Juu ya mfuniko, jiwe.

Mbwa hafuniki chungu.
Mbwa akishiba harudishi jiwe.

Usiku ule nililala macho wazi.
Mlango wa chumba cha uani ukalia kwii,
zikafuata kandambili, moja inaburuta,
kama inavyoburuta ya mama mkwe
tangu kiharusi cha mwaka juzi.
Bi Apolonia,
ambaye maagizo yake ya Ndanda
nimeyabandika ukutani kwa mkono wangu:
chumvi hapana, nazi hapana,
samaki mkavu hapana, mistari miwili chini yake.
Ambaye mchana hula mchicha wa kuchemsha
na kusema, "Asante mwanangu, mtamu,"
kwa sauti ya mtu anayesoma risala.

Nikachungulia dirishani.
Amekalia mbuzi ya kukunia nazi,
kibatari amekikinga kwa goti.
Mnofu kwake, kichwa cha samaki kwa Yatosha.
Hawakuwa na haraka ya wezi.
Walikula kama mafundi saa ya mapumziko,
na bibi akafuta vidole kwenye manyoya ya mwenzake,
akamwambia, "Kula. Kesho mwiko ni wako.
Utanisamehe."

Maneno yote ya daktari nilikuwa nayo mdomoni.
Niliyatafuta lakini, sijui.
Nikarudi kitandani, nikakohoa,
nikaita kwa sauti ya kufika uani:
"Yatosha!"

Vinywa viwili vikakoma kutafuna.
Kimoja kikaja chini ya dirisha langu, mkia unapiga ukuta.
Kingine nikakisikia kikishusha pumzi,
kisha mfuniko,
kisha jiwe.

Siku hizi ng'onda naziloweka tangu asubuhi,
namwaga maji mara tatu, mara nne,
mpaka Bonifasi anauliza huyu samaki ametoka bahari gani.
Kipande kimoja nakibakiza chunguni.
Kukicha namgombeza mbwa mbele ya watu wote,
mwiko unapiga nguzo,
na mama mkwe, uso mkavu kama padri,
ananiombea msamaha kwa niaba yake:
"Mwache, mwanangu. Njaa haina adabu."

Jiwe nimelibadilisha.
Nimetafuta dogo, la mviringo,
jepesi kwa mkono wa kushoto.