Nusu Saa ya Nampoto

Mbwemkuru ulipobeba daraja,
dizeli ya mnara ilibaki ng'ambo.
Nampoto, mlinzi, akapima dumu kwa kijiti:
"Nusu saa kila usiku, jamani.
Saa mbili. Semeni lenye maana."

Mimi nachaji simu hapa Kiranjeranje.
Nikafunga waya kwenye betri ya pikipiki ya Likwata,
simu ishirini na tatu zikapanga foleni
kama watoto siku ya kliniki.
Nikawaambia: msipige, andikeni.
Sauti ni mlafi, neno hushiba haraka.

Chilumba alitaka kumweleza mwanawe wa Masasi
habari za mbuzi, za mihogo, za ukuta wa jikoni.
Nikamfupishia: *Tu hai. Tuko shuleni.*
Akanuna.
Kisha, kwa sauti ndogo: "Ongeza na paka."

Saa mbili, kilimani, jenereta likakohoa.
Kijistari kimoja.
Nikapanda juu ya meza, mkono hewani
kama ninayeapa mahakamani,
na zikaondoka, moja, nyingine, nyingine,
hadi ya Somoe.
Ya Somoe ikazunguka, ikazunguka.
Mumewe alikuwa ng'ambo ile,
alikokwenda kununua mabati.

Saa mbili na nusu ikafika.
Nampoto hakuzima.
Saa tatu. Hakuzima.
Saa tatu na robo simu ikatetemeka kiganjani mwangu:
*niko juu ya mkorosho mabati yamekwenda mimi nipo*

Kesho yake mashine ya kusaga haikunguruma.
Tulikula mihogo ya Chilumba, yenye ladha ya tope,
na hakuna aliyeuliza dizeli ilikwenda wapi.