Mfuko Ulioganda

Makorora nzima wanajua: kwangu Luku haichezewi.
Uniti kumi zanifikisha wiki mbili na ushei,
na shoga akija kulalamikia mita yake
namwambia si mita, ni mkono.

Juzi nimemfokea Saumu
kwa taa ya chooni, dakika tano tu.
Mtoto katoka mbio, povu bado sikioni.
"Umeme hauokotwi!"
Nikazima, nikarudi kukaa
juu ya mfuko wa saruji.

Mfuko wenyewe tuliununua mwaka juzi
tumalizie ukuta wa jiko.
Fundi akaugua. Turubai likaazimwa, likaenda msibani.
Usiku mmoja wa vuli ukageuka jiwe
na karatasi yake, na mikunjo yake,
na bonde alipouwekea bega hamali.

Sasa ni kiti changu. Nachambulia mchicha hapo.

Shembilu karudi alfajiri, zamu ya usiku,
nyusi nyeupe kuliko za baba yake.
Kasikia kisa cha taa. Hakucheka.
Kaugusa mfuko kwa kidole cha mguu:
"Na huu je? Tanuri halizimwi, mke wangu,
Idi halizimwi, mawe yanaiva mpaka yanang'aa.
Dakika zako tano kila siku,
mpaka Saumu apate vitukuu,
hazifikii moto uliolala humu."
Akaenda kuoga.

Nikabaki na ungo mapajani.
Boflo la asubuhi, nani kaliokea?
Barafu iliyomlaza kibua mpaka sokoni?
Maji haya, yaliyopanda tangini
yamesukumwa na nini, hayana miguu?
Vyote vimeingia mlangoni
vimeshakula moto wa mahali pengine,
na mita yangu ukutani
haikupepesa hata jicho.

Tanuri sikuliwasha mimi.
Lakini dukani alikwenda nani
akasema, nipe mmoja?

Leo wingu limekaa upande wa Amboni, zito.
Mama Hidaya ana mifuko sita uani, mipya,
imefunikwa kanga.
Nimejitanda, natoka kulidai turubai langu
kwa watu ambao maiti wao
keshasomewa hitima mara mbili.

"Mama," Saumu ananiita toka chooni,
"na taa niiache?"

Zima, mwanangu. Zima vilevile.
Kisha njoo unishikie upande wa pili.