Kala Chumvi Nyingi

Sanduku la arubaini na moja, mita mia tatu na sita.
Nalifungulia uani, nyumba ya kupanga, mjini Adam.
Mche wa mwamba umelala humo kama mche wa sabuni.
Wizara inataka neno moja, panafaa au hapafai,
pa kuzika taka za kinu ambacho bado hakijajengwa,
taka zinazounguza bila moshi
miaka laki moja.

Tulianza Samail, kwenye jiwe la kijani, zito,
lililozaliwa chini ya bahari likapanda bara.
Nililipenda. Kisha nikaiona mishipa myeupe:
linakunywa mvua, linavimba, linapasuka,
na halijamaliza; linapasuka leo, Jumatatu.
Hapafai.

Tukajaribu chokaa. Juu kilimani tukamwaga rangi shimoni.
Siku ya tatu akapiga simu Ghusn, mgawaji wa zamu za falaji:
"Dada, mitende yangu inakunywa kijani.
Kuna harusi gani huko kwenu?"
Hapafai.

Imebaki chumvi,
kuba lake kusini, mwendo wa saa moja na vumbi.
Chumvi haipitishi tone. Ufa ukitokea, hujifumba.
Wakubwa waliposikia hivyo walitabasamu, wakaagiza chai.

Bibi yangu alirudi Oman na mbuzi ya nazi na Kiswahili chake,
na mtu aliyezeeka sana alimsema: huyo kala chumvi nyingi.
Mwenyewe alikula ya miaka tisini na mmoja.
Hii ninayoishika ina milioni mia tano na ushei
na bado haijatulia.

Maana juu ya kuba nimeokota mawe meusi, si ya hapa,
ya chini kabisa, kilomita kadhaa.
Chumvi imeyabeba mgongoni
polepole kuliko kucha inavyoota,
ikayamwaga juani
kama mtoto anayemletea mgeni sebuleni
kila kilichosukumwa uvunguni.

Nimeulamba mche. Ndivyo tufanyavyo, msicheke.
Simu inaita. Ni wizara.
Naiacha iite.
Ulimi bado unawasha,
natafuta neno la tatu.