Kokoto

Tangu jana hawajalishwa.
Ndoo, tuliyoiosha bila sabuni,
ina nusu ya maji yao ya zamani
na mfuko wa samaki sita.
Kokoto zimo katika sufuria ya ugali.

Mama Akeyo wa Migosi alicheka, akashika kiuno:
"Watu huja Kisumu kula samaki,
nyinyi mnawatorosha!"

Kericho, baridi.
Adongo akavua sweta, akaivisha ndoo.

Nakuru, tangi likapangwa kabla ya kitanda.
Tukaueleza mfuko juu ya maji mageni,
robo saa, maji yaelezane kwanza,
ndipo tukafungua fundo.

Watano wakatoka.
Wa sita akabaki mfukoni,
mgeni asiyetaka kuvua viatu.

Usiku, ndani ya ugali,
jino la baba likakuta kokoto.
Akaitoa, akaiosha,
akaidondosha tangini.